Kibonde cha Mashoto

Mdogo wangu alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Vivutio, jambo la kwanza alilofanya ni kununua kofia. La pili ni kuacha kuniita dada mbele za watu. Kofia nilimsamehe.

Kabla ya kamati hiyo hatukuwa na habari kwamba tuna vivutio. Mji wetu ni wa wakulima. Ukisimama njia panda unauona wote bila kuchosha shingo: duka la mbegu na dawa za mifugo, mashine ya kusaga, ghala la ushirika lenye bati lililoota kutu, fundi baiskeli, ofisi ya mji yenye bendera iliyochanika pembe, na kibanda changu. Mimi ni fundi wa mipini ya majembe. Ni mwanamke, ndiyo, na anayetaka kushangaa ashangae upesi apite, nina kazi. Baba alikuwa fundi wa mipini, na kazi alinirithisha mimi kwa sababu mdogo wangu kila akishika tezo alijikata kidole. Alikuwa na mashoto kama baba, lakini bila utulivu wa baba.

Basi kamati ikakaa, ikanywa chai, ikatoka na vivutio. Daraja la mawe, sawa, lile ni zuri, hata mimi nikilivuka hutazama chini. Ghala la kale, ambalo sisi tulikuwa tukiliita ghala bovu. Maporomoko ya maji, na hapo nilicheka mpaka mama akaniuliza nimekula nini, maana maji yenyewe yanadondoka kama birika linalomimina chai, na wakati wa kiangazi birika huwa tupu. Mwisho wa yote wakataja Jiwe la Kale. Hapo sikucheka, kwa sababu jiwe lilikuwa mlangoni pangu.

Ni kinoo, jiwe la kunolea. Kubwa kama ndama aliyelala, la kijivu, lilikaa mbele ya kibanda changu pale barabara ya mashambani inapoingia barabara kuu. Aliyeliweka hajulikani. Kila anayelima hapa husimama hapo, akachota maji kwenye ndoo yangu, akalilowesha, akanoa jembe lake, akapiga soga, akaenda zake. Mpini ukilegea, mimi nipo. Majembe ya watu ambao leo hata makaburi yao hayaonekani yamelilamba jiwe hilo hadi likabonyea katikati. Tunapaita bonde. Ukipitisha kiganja ndani yake hutaamini ni jiwe, jinsi lilivyo laini.

Na pembeni, upande ambao hakuna anayesimama, kipo kibonde kingine kidogo, kama alama ya kisigino kwenye udongo. Hicho ni cha baba. Watoto wote wenye mashoto wa zamani zake walichapwa mpaka wakashika kwa mkono wa kulia. Baba alichapwa pia, akagoma. Akawa ananoa jembe lake peke yake, upande wake, akitazama kule wenzake walikokupa mgongo, na kwa miaka yote ya kilimo chake jiwe likamkubali. Mdogo wangu naye alijifunza kunoa papo hapo, kabla hajajifunza kukaa ofisini.

Mama anaishi chumba cha nyuma ya kibanda. Macho yake yamefifia, lakini masikio ni ya swala. Anajua kumekucha kwa kusikia jiwe, na anajua mvua imekaribia kwa kusikia watu wanavyosukumana kwenye foleni. Humtambua mtu kwa kunoa kwake. "Huyo ni Mama Mapacha," atasema, "ana hasira na mumewe tena."

Mwaka huo, mwishoni mwa kiangazi, nilikwenda vilimani kwa shangazi kukata miti ya mipini. Mti wa mpini haukatwi kama kuni. Unatafuta ulionyooka, ulioota polepole penye mawe, unaukata ungali na maji kidogo, unaukausha kivulini. Niliporudi na mzigo wangu kwenye mkokoteni wa ng'ombe, nilikuta shimo. Mahali pa jiwe palikuwa na udongo mweusi, jongoo wawili, na ndoo yangu imepinduliwa.

"Wamekuja na trekta," mama akasema kabla sijauliza. Alikuwa amekaa kizingitini, kanga imemkaza kichwani kama mtu aliyefiwa. "Yule mwanangu wa kofia alikuja akaniambia linakwenda kutunzwa. Nikamwuliza, nani alikwambia linaumwa?"

Nilikwenda ofisini na vumbi langu la safari, bila hata kunawa uso.

Walikuwa wamelijengea jukwaa la saruji mbele ya bendera. Wamelipaka rangi nyeupe, jukwaa likapakwa buluu, na kuzunguka vyote kukavutwa mnyororo. Kibao kilisema: JIWE LA KALE. USIGUSE. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, kama baba wa bibi harusi.

"Karibu uone," akasema. "Jumamosi wageni kutoka juu wanakuja kukagua. Wakiridhika, mji wetu unaandikwa kwenye bango la barabara kuu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Niliruka mnyororo nikaweka kiganja juu ya jiwe. Nikapapasa. Nikapapasa tena. Kulikuwa na vinundu, makwaruzo, mgongo wa jiwe lolote la porini. Bonde halikuwapo.

"Hili si jiwe letu," nikasema.

"Ndilo."

"Bonde liko wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Dada," akasema.

Nilipolisikia hilo neno nilijua mambo yameharibika.

"Liko chini," akasema.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Fundi mwashi tunayemwita Fundi Haraka, na jina hakupewa kwa kuonewa, alipewa kazi ya kulisimika. Tumbo la jiwe lina nundu, kwa hiyo lilipowekwa jukwaani likawa linayumba. Pale njia panda nundu ilikuwa imezama ardhini, ndiyo maana halikuyumba hata siku moja. Fundi Haraka akalitazama, akaona upande uliobonyea ungekaa vizuri zaidi kwenye saruji mbichi, akawaita vijana wa trekta, wakaligeuza kifudifudi. Likatulia. Hata akaona limependeza, kwa sababu upande wa juu sasa ulifanana na jiwe la kale, si jiwe lililotumika. Mdogo wangu wakati huo alikuwa amekwenda kukodi mahema. Aliporudi saruji ilikuwa imeshika. Badala ya kupiga kelele, akaagiza rangi.

Nilipiga kelele kwa niaba yake. Nilimwambia amemzika baba mara ya pili. Nilimwambia kofia hiyo imembana ubongo. Karani alifungua dirisha, kisha akalifunga.

"Dada, punguza sauti. Ni kosa, najua ni kosa. Lakini wageni hawajui upande wa juu wala wa chini. Waje, waone, waondoke. Baadaye tutaligeuza."

"Baadaye lini?"

"Baada ya wageni."

"Na mvua itasubiri wageni? Watu watanolea nini?"

"Watumie tupa. Mji unakua, dada. Wageni watasimama hapa, hata mipini yako watanunua."

"Mtu anayekuja kutazama mawe ananunua mpini wa nini? Ajikune mgongo?"

Mimi "baadaye" ya ofisi naijua. Mfuniko wa kisima cha sokoni tuliambiwa baadaye, na mbuzi wangapi wameshatumbukia. Kinachosimikwa kwa saruji na kupakwa rangi hakigeuzwi tena. Mwaka wa kwanza watu watalalamika, wa pili watanunua tupa zinazokula jembe kabla halijala udongo, wa tatu watoto watasema jiwe ni lile jeupe la kukaa ndani ya mnyororo. Kibonde cha baba kitabaki gizani chini ya buluu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huu hata msala haukuwa, ulikuwa rangi ya makopo.

"Jiwe linarudi njia panda," nilimwambia. "Kabla ya mvua."

"Ni mali ya ofisi sasa."

"Basi ofisi ije ilivute upande wake na mimi nivute wangu."

Kesho yake kulipokucha nilikuwa ofisini na nyundo, patasi na chupa ya chai. Askari wa ofisi akanitazama nikiruka mnyororo. Ni mtu mzima, ana shamba la mihogo ng'ambo ya daraja, na jembe lake nililitia mpini mimi.

"Fundi," akasema, "mimi nimeamriwa watu wasiguse jiwe."

"Mimi sigusi jiwe. Nagusa saruji."

Akawaza. "Saruji sikuambiwa," akasema, akavuta kiti chake kivulini.

Nikaanza kubanja. Saruji ya Fundi Haraka ni jambo la ajabu: ukuta wa nyumba yake mwenyewe unamomonyoka ukiuegemea, lakini hii aliyoiweka kwa ajili ya wageni ilikuwa ngumu kama roho ya mdai. Nilibanja mpaka viganja vikatoa malengelenge, na mimi viganja vyangu ni vya tezo, havitoi malengelenge kwa mzaha. Watu walipita wakielekea mashambani na majembe butu begani. Wengine walicheka. Mmoja alisema naharibu maendeleo. Nikamwambia alete jembe lake nilione, akalificha nyuma ya mguu.

Wa kwanza kuruka mnyororo alikuwa Mama Mapacha, mmoja mgongoni, mwingine amemwachia askari. Alichukua jiwe la mkononi akaanza kugonga upande wa pili, na kwa jinsi alivyogonga nilijua mumewe amefanya jambo. Baada yake wakaja wengine, wanawake kwanza kisha wanaume, maana wanaume hupenda kazi ikishaanza kuonekana inawezekana. Na jioni, siamini hata leo, akaja Fundi Haraka mwenyewe, amebeba mtaimbo.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Mkinitazama nitarudi."

Hatukumtazama. Akaingiza mtaimbo mahali alipojua mwenyewe kwamba saruji yake ni nyembamba.

Mwenyekiti alikuja Ijumaa. Rangi ya buluu ilikuwa chini vipande vipande na jukwaa limeliwa pembe zote. Alisimama nje ya mnyororo wake, uso umemvimba.

"Mnajua mnachofanya? Nimezunguka ofisi ngapi kuwaleta hawa watu? Kesho wanakuja, mtawaonyesha nini? Kifusi?"

"Waonyeshe maporomoko yako ya birika," mtu akasema, na watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilimwona shingo. Mdogo wangu akitaka kulia, tangu utotoni, mshipa wa shingo ndio unaotangulia. Alikuwa amelitaka hilo bango la barabara kuu kwa moyo wake wote. Mji huu watu hupita bila kupunguza mwendo, na yeye alikuwa amechoka kupitwa. Hilo nililielewa, na liliniuma. Lakini kuelewa si kuacha.

"Shuka ushike mtaimbo," nilimwambia, kwa upole ambao sikujua ninao. "Ni jiwe lako pia."

"Dada, umeniaibisha," akasema, akaondoka.

Jumamosi asubuhi jiwe liling'oka. Fundi Haraka alikaza mtaimbo, wanaume wakatia mabega, likaguna, likainuka, tukaligeuza chali polepole kama mgonjwa. Sote tukainama kuliona bonde letu.

Lilikuwa limejaa. Saruji mbichi ilikuwa imeingia ndani yake ikaganda, ikajaa mpaka mdomoni kama uji uliosahauliwa kwenye bakuli. Upande wa pili, kile kibonde cha baba kilikuwa hakionekani hata kidogo, kimezibwa, kimekuwa bapa. Mimi nikakaa chini kwenye kifusi nikalia, mbele za watu wote, sauti nje. Sikuona haya. Nililia kama nilivyolia siku tuliyomzika, kwa sababu mpaka asubuhi hiyo kulikuwa na mahali duniani ambapo ningeweza kutia kisigino cha kiganja changu mahali baba alipopita.

Fundi Haraka akachukua patasi. "Niachieni, nitaitoa, mimi ndiye niliyeiweka."

"Weka chini!" Nilisimama. "Ukipigia patasi humo utalitoboa. Ukilikwangua litabaki na makovu, na jembe halitelezi kwenye makovu."

"Sasa?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira ndiyo iliyojibu. "Bonde hili lilichimbwa na nini? Majembe. Basi majembe yatalifukua. Linarudi njia panda, na kila mwenye jembe ananoa juu ya saruji mpaka saruji iishe."

"Itachukua mwaka!" mtu akasema.

"Saruji yenyewe ni laini kuliko jiwe. Na hata ikichukua mwaka, wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

Trekta ilikuwa ya ofisi, na dereva alikuwa ameambiwa asiikaribie. Tukalisukuma. Jiwe zito hulisukumi moja kwa moja ardhini, unalilaza juu ya magogo ya duara, yakiviringika unachukua la nyuma unalitanguliza mbele. Magogo hatukuwa nayo. Nilikuwa na mipini. Mipini yangu yote ya msimu, iliyokauka, iliyochongwa, iliyopigwa msasa, imesimama ukutani ikingoja mvua na wateja. Nilikwenda nikaibeba, mafurushi kwa mafurushi, nikaimwaga barabarani.

"Fundi, itavunjika," Mama Mapacha akasema.

"Najua."

Ilivunjika kweli. Jiwe kila lilipopita juu ya mmoja nilisikia ukipasuka, na kila mpasuko niliujua ni mti gani, ulitoka kilima gani. Lakini uliokuwa imara ulistahimili. Tulisukuma tukiitikiana, mmoja anaita, wote wanajibu, vumbi mpaka kwenye meno. Tulipofika katikati ya barabara kuu, mahali pabaya kuliko pote, ikasikika honi.

Lilikuwa gari la wageni. Mbele kulikuwa na mdogo wangu na kofia yake, nyuma bibi mmoja wa miwani na wenzake. Gari likasimama. Jiwe lilikuwa limekaa njia nzima, nasi tumelizunguka, tumelowa jasho, weupe wa rangi mpaka nyusi. Mdogo wangu akashuka. Watu wakaachia kusukuma, wakangoja. Nilingoja na mimi. Nilijiambia, akisema lirudi ofisini, mimi na yeye hatutasalimiana tena mpaka mmoja wetu azikwe.

Akalizunguka jiwe taratibu. Akafika upande wa baba. Akasimama hapo akitazama ile saruji bapa, na mkono wake wa kushoto ukatoka mfukoni, ukanyooka kidogo, ukarudi.

"Mwenyekiti," bibi wa miwani akauliza dirishani, "hiki ni nini?"

Mdogo wangu akageuka kutoka kwenye jiwe.

"Ni kinoo chetu," akasema. "Tulikosea mahali pa kukiweka. Kinarudi kwake."

Kisha akapanda gari, wakapita pembeni kwa kukanyaga majani, wakaenda kutazama daraja. Hakutusaidia kusukuma. Lakini hakusema lirudi, na mimi nilisukuma hatua zilizobaki nikiwa mwepesi kidogo.

Shimo lilikuwa likilingoja. Nundu ikaingia ardhini mahali pake, jiwe likakaa bila kuyumba.

Foleni ilianza hapo hapo. Mchanga, maji, jembe. Siku za kwanza sauti ilikuwa mbaya, kavu, ya kukera meno. Mama aliziba masikio kwa kanga. "Hilo si jiwe," alisema kutoka chumbani. "Hiyo ni sufuria inakwanguliwa." Lakini watu waling'ang'ania. Waliokuwa na jembe moja walileta na la jirani. Askari wa ofisi alikuja na panga, shoka na kisu cha mkewe. Fundi Haraka, ambaye halimi hata mchicha, aliazima jembe akawa anafika kila siku, anasimama mwisho wa foleni, ananoa jembe ambalo tayari lingeweza kunyolea ndevu. Saruji ikatoka unga wa kijivu, ikatiririka na maji mpaka mtaroni. Mwishoni ukingo wa bonde ukajitokeza, halafu ubavu wake, halafu asubuhi moja Mama Mapacha akavuta jembe na sauti ikabadilika. Ile sauti ndefu, ya maji, niliyozaliwa nikaikuta. Wote tuliokuwa hapo tuliisikia. Mama Mapacha akavuta tena kwa kuhakikisha, akaanza kucheka.

Mimi niliingia chumbani kwa mama nikidhani nitamkuta na furaha.

"Bado," akasema.

"Bado nini, mama? Bonde limesafishika."

"Upande wa baba yako kimya."

Alisema kweli. Mkono wa kulia haufiki kule. Ukisimama upande ule na kunoa kwa kulia, jembe linakwenda kinyume, linaruka. Nilijaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto na nusura nikate kidole cha mguu. Wengine walijaribu wakaacha. Kibonde cha baba kilibaki kimezibwa, kiraka cha kijivu pembeni mwa jiwe lililofunguka.

Habari za wageni zilifika. Bango la barabara kuu liliwekwa, na mji wetu haukuwamo. Walisema hatujajipanga. Watu walimtania mwenyekiti siku chache, kisha wakaacha, kwa sababu hakutaniana nao. Alipita kwa barabara ya nyuma ili asikatize njia panda. Hakuja kumsalimu mama. Mama hakuuliza, na mtu wa masikio kama yale asipouliza, ujue anasikia mno.

Nilitoa jembe la baba darini. Lilikuwa limelika kwa kunolewa mpaka limebaki kama kiganja cha mtu mzima. Katika miti iliyokauka ya vilimani kulikuwa na mmoja ambao sikuutia chini ya jiwe. Naungama hapa: watu wote walinisifu kwa kutoa mipini yote, nami sikuitoa yote. Nikauchonga. Nikaupinda mshiko kidogo upande wa kushoto, kama baba alivyokuwa akijichongea, nikaupiga msasa, nikaupaka mafuta. Nikaenda ofisini wakati mdogo wangu amekwenda kula, nikauegemeza pamoja na jembe la baba kwenye kiti cha mwenyekiti. Karani akaniuliza niache ujumbe gani.

"Ujumbe ndio huo," nikasema.

Hakuja siku hiyo, wala iliyofuata. Mawingu yalianza kushuka kutoka vilimani. Watu walikuwa wamekwisha kunoa, foleni imekwisha, mji wote uko mashambani ukivunja mabonge. Nilianza kusema moyoni kwamba basi, nimefanya langu, mtu hulazimishwa kuchapwa, halazimishwi kunoa. Lakini ndoo niliendelea kuijaza kila asubuhi.

Siku mvua ya kwanza ilipotaka kuanguka nilikuwa nimejiinamia kazini, natoa gome, tezo inakata vizuri, sisikilizi kitu. Sauti ya mama ndiyo iliyoniinua kichwa.

"Nani huyo ananoa?"

Kulikuwa na mkwaruzo nje. Mbaya, mkavu, wa saruji, na wa kusitasita, wa mtu aliyesahau. Tena ulikuwa unakwenda kinyume.

Nikachungulia. Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa kibanda changu. Mdogo wangu alikuwa amepiga goti upande wa baba, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko, suruali ya ofisini imeingia tope, anavuta jembe kwa mkono wa kushoto, anamwaga maji, anavuta. Unga wa kijivu ulikuwa umeanza kumtiririkia kwenye viatu. Hakuinua macho, nami nilimshukuru kwa hilo, maana sura yangu haikuwa ya kutazamwa.

"Ni mwanao, mama."

Mama alikuwa amegeuza sikio lake zuri dirishani, kidole kimoja juu, kama mtu anayemzuia mwenzake asiongee. Nje mkwaruzo uliendelea, ukapata mwendo, ukaacha kusita. Tone la kwanza la mvua lilipiga bati, halafu la pili, na chini yake kwa mara moja tu, fupi, nikasikia saruji ikiachia na jembe likiteleza juu ya jiwe lenyewe.

"Mwambie asimwage maji mengi," mama akasema. "Baba yake naye nilimsemesha kila siku, hakusikia."

Nilitoka, lakini sikumwambia. Nilichukua ndoo, nikaenda kumwongezea maji.